Mpunga Chini ya Zege

Jumatatu, 16 Juni 2025

Igunga. Zege tulilotandaza juu ya lami ya zamani halijamaliza mwaka — mita mia tatu zimeshapasuka. Injinia Nasri ameshahukumu: simenti imechakachuliwa. Anamsema fomeni wetu, mzee Ngollo. Ripoti ya vipimo anaitaka Ijumaa. Ikimkuta na kosa, mzee anafukuzwa. Mpimaji ni mimi. Ngollo kuiba simenti? Mtu anayerudisha hata msumari! Siamini, ila lazima nipime.

Jumanne, 17 Juni

Tumetoboa sampuli sita, tumeziponda kwenye mashine. Zote zimepita kiwango. Simenti nzima kabisa! Nimecheka peke yangu maabara.

Ila kwenye mita zile mbovu, zege na lami vinatoka vimeachana. Havikushikana. Lori likipita, zege linacheza, mwisho linapasuka. Kwa nini havikushikana — sijui. Nimekula matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, nalala.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimekwangua sampuli upande wa chini. Vumbi. Makapi. Halafu punje ya mpunga, nzima.

 Nimekumbuka.

Mwishoni mwa Juni mwaka jana tulikuwa tumekwangua lami na kufunga njia, simenti ikachelewa siku mbili. Mama Kabula, mkulima wa kando ya barabara, akaja na wenzake na mpunga mbichi. Akasema barabara imelala bure, mwanangu, tuanike. Huku nani haaniki barabarani? Hata mama yangu kule Ziba. Nikakubali, wakaanika kwenye mita zile zile mia tatu.

Siku ya kumwaga zege walifagia vizuri tu. Boza la maji halikufika. Ngollo alitaka tusubiri, paoshwe kwanza. Nikamwambia pamefagiwa, mzee, tumwage. Nikasaini kwamba pako safi. Ni mimi!

Ijumaa, 20 Juni

Asubuhi nimemfuata Ngollo. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nimemweleza yote. Kumbe alishahisi tangu nyufa za kwanza. Hakunitaja kwa sababu, anasema, mimi bado mgeni kazini, na yeye amebakiza miaka miwili astaafu.

Nimelia mbele yake. Sikujali.

Ripoti nimeiandika. Simenti nzima, fomeni hana kosa. Sehemu nyingine zote ziko imara — hilo ndilo linanipa moyo. Mita mia tatu zibanduliwe, paoshwe kwa maji, pamwagwe upya. Akina mama watafutiwe uwanja wa kuanikia. Aliyeruhusu na kusaini: Koleta, fundi sanifu. Ndilo jina langu.

Saa nane mchana. Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Injinia. Anasoma. Ngollo amekuja kukaa nami, hata sikumwita. Ananiuliza kama nimekula.

Mlango umefunguka. Injinia ananiita mimi peke yangu. Nimesimama, na mzee naye kasimama. Mzee anamwambia Injinia tunaingia wote. Nafunga daftari, tunaingia.