Mkasi wa Bi Merle

Noeline, shika simu! Nimeaibika mpaka basi.

Si leo Des alikuwa anatufungulia maonyesho ya mablanketi ya viraka? Meya mzima, mkufu wa cheo shingoni, mume wangu huyo huyo. Utepe umefungwa mlangoni. Utepe wa KARATASI. Na hakuna aliyekumbuka kuleta mkasi wa kuukatia.

Basi si akauchukua wa Bi Merle mezani! Bi Merle, fundi wetu wa viraka, alikuwa anatuonyesha namna ya kukata vipande vikutane kona kwa kona. Kitambaa kimetiwa wanga, kimepigwa pasi, kimekakamaa kama kadi. Mkasi huo hata binti yake haruhusiwi kuugusa.

"WEKA CHINI!" Bi Merle akafoka.

Noeline, Des alinyoosha mikono juu. Mbele ya mpiga picha wa gazeti!

"Lakini mama, mkasi si ni mkasi tu?"

Alisema hivyo. Eti mkasi ni mkasi tu! Ukumbi mzima uliguna.

"Ukikata karatasi unakuwa butu, unatafuna kitambaa," Bi Merle akamjibu. "Kata kwa meno."

Mimi nilijua anatania. Des hakujua. AKAUNG'ATA. Meya, na mkufu wake, anatafuna utepe, wanawake wanampigia makofi. Picha itafika mpaka mji wa Wagga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nimemtetea moyoni. Nimesema maskini, hakujua, kushona si mambo yake. Nikamweleza kila kitu kuhusu mkasi wa kitambaa, akaitikia.

Sasa hivi yuko jikoni, anafungua pakiti ya soseji za kuchoma. Nasikia kitu kinakatwa.

Noeline. Kikapu changu cha ushonaji kiko wazi.