Kofia ya Baba

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani imekwisha, tumbo linataka kupasuka. Sikuwa nimefika nyumbani tangu Julai. Mama kapika bata mzinga na samaki wa chumvi, maana kwa Wareno wa kwetu bata mzinga peke yake si chakula. Wajomba walikuja, kelele mpaka barabarani.

Baba tu hakuwepo mezani! Eti mafua. Kala peke yake kwenye chumba cha chini ya nyumba, skafu shingoni, na sahani yake mwenyewe. Hata kunibusu hakunibusu. Nilipochungulia ngazini akapunga mkono: "Rudi juu, binti, utaambukizwa."

Mafua gani bila chafya hata moja? Najua kinachomkera. Tangu niingie uhandisi wa nyuklia ananuna. Kafanya kazi kwenye tanuru la chuma maisha yake yote, haogopi kitu, lakini mtambo wetu wa nyuklia chuoni, unaotengeneza iodini ya "mbegu", vile vijipande vya kupandikizwa mwilini kutibia saratani, yeye anauita "kiwanda cha mabomu." Hataki niutaje. Inaniuma, sifichi.

Nimeondoka na kofia yake ya sufu iliyokuwa mlangoni. Upepo ulikuwa mkali — na kisasi kidogo!

Jumanne, 14 Oktoba

Aibu ya mwaka! Kutwa nilikuwa na Gurleen, mwenzangu wa maabara, tukijifunza kushika sampuli kwa vibano virefu nyuma ya kioo kizito. Nilikuwa hodari. Najisifu mwenyewe, humu hakuna wa kunisuta.

Kutoka sasa. Nikachukua koti kwenye ndoano, nikavaa kofia, nikapanda mashine ya kupima mionzi. Hakuna atokaye bila kuipanda. Nikiwa nawaza supu — mashine ikapiga ukelele, mlango ukajifunga! Nikarudia. Ukelele. Gurleen anacheka mpaka anashika ukuta: "Shoga, umekula sampuli?"

Akaja Bi. Thibault, mkuu wa usalama, na kipimo chake cha mkononi. Mikono: kidogo. Kichwa: balaa. Kofia ikavuliwa, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, mimi nikanawishwa kama mtoto. Kasema ni kiasi kidogo mno, hakitanidhuru, ila siingii tena ndani mpaka ijulikane kimetoka wapi.

Jumatano, 15 Oktoba

Bi. Thibault kaniita, kafunga mlango. Iliyo kwenye kofia ni iodini ya mionzi, lakini si hii yetu ya mbegu. Ni ile wanayomezeshwa wagonjwa wa tezi ya shingo hospitalini. Hutoka na jasho, na mate. Aliyeimeza huambiwa akae mbali na watu siku kadhaa, awe na sahani yake.

Akaniuliza taratibu kofia ni ya nani.

Na mimi, niliyefaulu mtihani wa iodini kwa alama za juu, nilisimama ngazini nikimnunia mtu anayefuata masharti yote! Mjinga mie.

Dawa hiyo hutibu mambo mawili. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi, jambo la kawaida tu. Au saratani. Nimempigia Mama. Kasema nimuulize mwenyewe. Kisha akalia. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekuja nyumbani. Mama kanizuia mlangoni, basi nikazunguka nyuma, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, mbele ya kidirisha cha chumba cha chini. Baba alikuwa anacheza karata peke yake, na anajiibia!

"Kofia yangu iko wapi, mwizi wewe?"

"Imekamatwa."

Nikamsimulia mashine ilivyopiga kelele. Kacheka mpaka kakohoa. Nikamuuliza kwa nini alinificha.

"Ningekwambiaje? Kila siku nakitukana kiwanda chenu, halafu nije niseme nimemeza kidonge cha huko huko?"

Tukacheka tena, kioo katikati yetu. Najionea haya kuandika, lakini nimefurahi. Nimefurahi kweli! Tangu nianze chuo hajawahi kuongea nami hivi.

Kisha akaweka karata chini. Akataka nimweleze hiyo dawa inafanya nini humo mwilini, polepole, kama namweleza mtu asiyejua kitu. Nikaanza: Inatibu mambo mawili, Baba. La kwanza —

"Hilo la kwanza liruke," kasema. "Ngoja nilete kiti, uniambie la pili."

Kiti bado anakitafuta, nami nimetoa shajara ili mikono ipate kazi. Nyasi zimenilowesha tumbo. La pili nalijua, tena vizuri kuliko la kwanza. Wengi hupona, wengi sana. Nitaanzia hapo. Namsikia anaburuta kiti. Kakiweka mbali na dirisha, mwenyewe, bila kuambiwa, na sasa ananitazama. Nafunga shajara, naanza.