Mume Wangu Amejipa Babu wa Mwenye Nyumba

Mshauri mpendwa, nisaidie mwenzio, maji yamenifika shingoni. Tunaishi mimi, mume wangu fundi friji, watoto wanne na mama mkwe katika nyumba ya kupanga ghorofani, mtaa wa zamani, vyumba vinne na roshani, na nyumba ya namna hii siku hizi haipatikani, maana majirani wote wameondolewa na nyumba zao zimekatwakatwa kuwa vyumba vya wageni wa kulala siku mbili, hata pale kwa fundi viatu sasa wanauza kahawa kwenye vikombe kama vya kupimia dawa, yaani tukitoka hapa tutalala kwa zamu.

Sasa kila asubuhi hupita chini ya roshani yetu bwana mmoja anayetembeza wageni kuwaonyesha nyumba za kale, na siku moja mume wangu alitoka na mswaki mdomoni, amevaa gauni la kulalia la mama yake kwa sababu suruali zake zote zilikuwa kwenye maji, yule bwana akanyoosha kidole akasema, "Yule pale ni mjukuu wa tajiri aliyejenga nyumba hii," na mume wangu badala ya kukana, au hata kutema povu kwanza, akawapungia mkono.

Tangu hapo sina mume, nina mjukuu wa tajiri. Ananyoa kila asubuhi, anakaa kitini roshani, nguo za watoto hazianikwi tena pale, friji za watu zimejazana sebuleni hazijaguswa, na mama mkwe niliyemtegemea amkanye mwanawe ndiye amezidi, anawapandisha wageni ngazi na kuwaonyesha ukuta ambao eti marehemu tajiri alikuwa akiuegemea akiwaza biashara, kisha analia, na machozi ni ya kweli kabisa. Mimi nami si malaika, niliulizwa kama mimi ndiye mke wa mjukuu nikaitikia, lilinitoka tu, na kusema kweli lilinipendeza.

Sasa mwenye nyumba, ambaye ndiye mjukuu halisi na anaishi mbali, amesikia kuna mrithi amejitokeza, kapiga simu kwamba anakuja Jumamosi na wakili, na mkataba wetu unaisha mwezi huu, nami nilipomwambia mume wangu tukaombe radhi akanijibu kwa upole, "Tusiharakishe mambo. Huenda kweli nina haki yangu humu." Nifanye nini?

Mama wa Roshani

Mama wa Roshani,

Pole. Nimecheka mpaka nikavua miwani, kisha nikafika kwenye wakili nikaacha kucheka. Mumeo alipanga nyumba, hakupanga babu. Mwenye nyumba anaamini anakuja kukutana na mwizi wa urithi, na mtu mwenye hofu hiyo hatoi mkataba mpya. Ataikata vyumba kama wenzake, nawe utakuwa barabarani na masufuria yako.

Usijifiche nyuma ya mumeo, wewe nawe uliitikia. Na mama mkwe mwambie machozi ayahifadhi, huenda yakahitajika.

Mpigie mwenye nyumba leo, usingoje Jumamosi. Msimulie yote tangu mswaki hadi ukuta, na habari ya gauni usiiruke, kwa sababu ni vigumu kumshtaki mtu aliyevaa hivyo. Mwambie hamdai hata msumari, na mtasaini hivyo mbele ya wakili wake. Halafu mwambie kwamba katika mtaa wote huo, hiyo ndiyo nyumba iliyobaki ambamo watoto wanafokewa, wanaogeshwa na kupelekwa shule. Babu yake aliijenga watu waishi humo, na huyo babu ana mjukuu mmoja tu wa kumheshimu.

Mjukuu wa tajiri mwondolee kiti, umpe bisibisi, friji za watu zinaoza. Akiendelea kudai haki yake, saini mkataba kwa jina lako, peke yako. Wanao wana ukoo tayari. Wanachohitaji ni pa kulala.