Jicho Linalopokea Tu

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua kitambaa. Giza! Ijumaa nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, jicho la kulia likazimika ghafla, bila maumivu. Maman Adélaïde wa chumba cha maombi akanipaka mafuta, akanifunga — nisifungue mpaka siku tatu. Nikatii. Kwenye kioo jicho ni zima, linang'aa kabisa. Ila halioni.

Mume wangu hajui. Philémon yuko Luhwindja, anachimba dhahabu, miezi saba sasa. Namkumbuka mpaka mguu unasahau kusukuma cherehani.

Jumanne, 4 Juni
Hospitali. Mshipa unaolisha jicho damu umeziba. Daktari Emmanuella akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikatazama viatu vyangu.

Kuna mashine ya kupima macho, imeletwa na madaktari wageni kwa wiki moja tu. Zamu yangu Alhamisi.

Nimwandikie Philémon? Hapana. Atakuja mbio kwa huruma. Nataka aje kwa hamu ya kuniona!

Alhamisi, 6 Juni
Waliniweka gizani nusu saa, uzi mwembamba wa mashine chini ya kope, halafu taa — pa! pa! Jicho la kulia halikuona hata moja. Lakini kwenye ekrani, kioo cha ile mashine, mstari wake ulishuka! Nikafurahi. Daktari akanionyesha wa jicho la kushoto: unashuka, kisha unapanda juu sana. Wa kulia unashuka, basi. Haupandi.

"Jicho yako iko napokea mwangaza, maman Constance. Kupeleka mbele njo haiweze tena."

Nikauliza, na kama ningekuja Ijumaa ile ile? Akasema wangejaribu, ni mambo ya masaa, si ya siku. Nina hasira na maman Adélaïde. Na mimi mwenyewe zaidi.

Ijumaa, 7 Juni
Ujumbe wa Philémon: kesho niko Bukavu. Hakuna aliyemwita! Nimefua mashuka. Nimelia, nimecheka.

Jumamosi, 8 Juni
Amefika. Amekonda. Jicho langu hajaligundua, na sijasema. Amekula, akavuta kiti, akakaa kulia kwangu — hapo hapo penye giza. Nimechukua daftari hili ili nisigeuke kumtafuta kwa jicho la kushoto. Anasimulia kwamba kule shimoni alikuwa anafumba macho ili anione. Nasikia harufu ya sabuni yake. Jamani, nilivyomtamani mtu huyu!

Sasa anasema, polepole:

"Nimekunyooshea mukono tangu kitambo, Constance. Haunitake tena?"

Mkono upi? Uko wapi? Naupapasa kwa mkono huu huu wa kalamu —