Akaunti Niliyoiacha Wazi

Iloilo, Jumapili

Dada yangu Marivel,

Nguruwe wa Mama amezaa watoto tisa.

Uliponiachia kompyuta yako ukaenda kufanya kazi Hong Kong, uliniambia niifunge akaunti yako ya ujumbe. Sikuifunga. Nilikuwa nasoma ujumbe wako kila siku, nikahisi kama bado uko nyumbani. Ijumaa niliunganisha kompyuta na projekta darasani, na ujumbe wa wakala wako wa ajira ukatokea ukutani: umeachishwa kazi kwa sababu una mimba.

Binamu Rodel, ninayesoma naye, akapiga kelele, “Hongera, mama mdogo!” Darasa zima likacheka. Nilipofika nyumbani, Mama alishajua. Hajala tangu siku hiyo.

Leo nimeifunga akaunti na kufuta neno lako la siri lililohifadhiwa kwenye kompyuta, nisiweze kuifungua tena. Sasa nitajua tu utakayoniambia mwenyewe, kama bado utataka kuniambia.

Mdogo wako,
Jovelyn