Fundi Cherehani Langoni

Ndugu yangu, nimeiua timu.

Dakika kumi kabla ya mechi katokea mtu hatumjui, viatu begani. "Mnatafuta kipa?" Tukampigia penalti sita. Kadaka zote. Sita!

Kocha akanigeukia: "Katibu, msajili haraka. Leo hata sare inatubakiza kwenye ligi."

Lakini nilishamwahidi kipa wetu, yule fundi cherehani aliyefungwa mabao thelathini msimu huu, kwamba leo anacheza. Kamleta mama mkwe wake, anayesema mpira ni kazi ya wavivu. Glavu alishavaa. Akanitazama tu.

Nikasema, "Fundi anacheza."

Kocha: "Hiyo huruma yako itatuzika!"

Tumepigwa tano. Tano! Tumeshuka daraja, na wachezaji hawanisemeshi hata mmoja.

Nikaenda kumuaga mama mkwe, uso sijui niuweke wapi. Akanishika mkono: "Mwanangu, kumbe mkwe wangu ana kazi! Wenzake wanakimbiakimbia tu, yeye ndiye anayeutoa mpira wavuni kila mara."

Fundi alikuwa pale pale, ameinama anafungua kamba za viatu.

Nikasema, "Ndiyo, mama. Peke yake."