Fundi Ameikata Picha ya Mama

Celestine, siamini! Ile picha ya rangi ya mafuta niliyomchora marehemu mama akichuma chai Gesima, imeharibiwa.

Leo nimeenda kuichukua kwa fundi wa fremu huko Keroka. Alibandua kitambaa chenye picha kwenye mbao nilizokiwambia, akakikata kwa kisu ili kitoshe fremu aliyokuwa nayo.

AMEKIKATA. Mikono yote ya mama imeenda.

Nikamuuliza, "Mbona hukunipigia simu?"

Akasema, "Kwani shida iko wapi, dada? Uso si uko?"

Uso si uko! Mikono hiyo niliichora miezi mitatu, Celestine.

Nimeokota vipande kwa takataka zake nikarudi nyumbani. Baba ameviangalia. Akachukua nyundo, akang'oa msumari aliokuwa amenipigilia sebuleni wa kutundikia picha hiyo.